Kwa vijana wetu wa Toronto: yale maneno ya Jumamosi

Wanangu,

Jumamosi baada ya walima nilikaa kona ya ukumbi na kahawa yangu, nikiwasikiliza mkiwasomesha wazee siasa za Kanada. Mmoja wenu, mwenye fulana ya chama, akasema chama chenye viti vingi ndicho chenye serikali, na wengine wakiungana kukiangusha ni mapinduzi. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nilinyamaza kwa heshima ya wenye harusi, lakini nyumbani sikupata usingizi.

Neno hilo nililisikia hamjaota ndevu. Desemba 2008 nilikuwa dereva wa teksi, theluji hadi magotini, na abiria mmoja baada ya mwingine alilirudia kiti cha nyuma: mapinduzi, mapinduzi. Marehemu baba aliyaona ya Unguja, Januari 1964. Hakuna aliyetia saini karatasi mbele ya kamera siku ile.

Haya, kisa chenyewe. Oktoba 2008 Conservative, chama cha waziri mkuu Stephen Harper, walipata viti 143 kati ya 308 vya Bunge: vingi kuliko wenzao, lakini si nusu. Novemba 27 waziri wa fedha, Jim Flaherty, akasoma taarifa ya uchumi huku dunia ikiyumba kifedha. Kibindoni alifutika jambo jingine: kuondoa ruzuku ya vyama, fedha za serikali, kama dola 1.95 kwa kila kura chama kilichopata, kila mwaka. Ruzuku hiyo ililetwa na serikali ya Jean Chrétien, ikaanza 2004, sheria ilipobana michango ya makampuni na vyama vya wafanyakazi. Kwa kuwa kura zao ndizo zilizokuwa nyingi, Conservative wangepoteza fedha nyingi kuliko wote. Ila wao walikuwa na wachangiaji wadogo wadogo tele. Wapinzani walitegemea ruzuku hasa. Husemwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Huyu alimjua vizuri sana.

Siku mbili tu wakalirudisha nyuma, maji yameshamwagika. Desemba 1 viongozi wa upinzani, Stéphane Dion wa Liberal na Jack Layton wa NDP, wakatia saini muungano wa kuunda serikali, Gilles Duceppe wa Bloc Québécois akiahidi kuuunga mkono. Kura ya kutokuwa na imani ilikuwa ipigwe Desemba 8. Desemba 4 Harper akaenda kwa Gavana Jenerali, Michaëlle Jean, mwakilishi wa Malkia, kikao cha Bunge kikafungwa hadi Januari 26, na kura ile isipigwe. Muungano ukafa humo katikati. Mwaka 2011 Harper akapata zaidi ya nusu ya viti, na ruzuku ikapunguzwa kidogo kidogo hadi ikaisha 2015.

Kwa hiyo kijana wangu wa fulana, serikali hapa husimama kwa imani ya Bunge, yaani kuungwa mkono na wabunge walio wengi, hata wakiwa wa vyama tofauti. Walioliita jambo lile mapinduzi walijua hivyo, wakawategemea ninyi msijue. Na wapinzani nao wasijitakase: uchumi ulikuwa hoja ya kweli, lakini kilichowainua vitini ni mfuko.

Mengine nayataja tu. Someni kanuni za Bunge kabla ya kushika maiki. Msikane muungano kwenye kampeni kama Dion, kisha mkausaini wiki saba baadaye. Chama kinachoishi kwa ruzuku pekee kitafute wanachama wa kukilisha.

Sisi wazee pia tumekosa. Tunamwitikia kila aliyevaa suti. Lakini nawapenda, na ninafurahi mnaingia humo ambamo sisi tuliogopa kuingia.

Jumamosi ijayo nipo pale pale, baada ya alasiri. Mleteni wa fulana. Kahawa nalipa mimi, bila ruzuku.