Habari za Wakurdi hazikuanzia Nairobi

Mhariri,

Wakurdi, watu wa Uturuki na nchi jirani wasio na dola yao, wakitajwa hapa Kenya, habari huanzia Februari 1999, Abdullah Öcalan, kiongozi wa PKK, chama cha Wakurdi kilichoshika silaha dhidi ya Uturuki, alipokamatwa Nairobi na kupelekwa Uturuki. Naomba tuanzie mbali zaidi. Mkataba wa Sèvres wa 1920, wa kuigawa milki ya Waturuki baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, uliwafungulia Wakurdi njia ya kupata dola yao; ule wa Lausanne wa 1923, uliochukua nafasi yake, haukuwataja kabisa.

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini watu washike bunduki. Huwasimulia kisa cha Leyla Zana, mbunge Mkurdi. Novemba 1991 alisimama katika bunge la Uturuki mjini Ankara, kichwani amejifunga utepe wa kijani, nyekundu na manjano, rangi za Wakurdi, akala kiapo kwa Kituruki, kisha akaongeza sentensi moja ya Kikurdi kuhusu udugu wa Waturuki na Wakurdi. Wabunge wakamzomea. Mwaka 1994 alifungwa, akatoka 2004.

Simtetei anayeua raia, na PKK imewaua wengi. Lakini dola inayoifanya lugha ya mama kuwa uhaini huwapa wenye bunduki wafuasi. Mei 2025 PKK ilitangaza kujivunja. Sasa serikali ya Uturuki iruhusu watoto wa Diyarbakır, mji wenye Wakurdi wengi, wasomeshwe kwa Kikurdi, na magazeti yetu yalifuatilie jambo hilo.

Mwalimu wa historia,
Nakuru