Sensa ya turbo isihukumiwe kabla ya kupimwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili niwaeleze wamiliki wenzangu wa mabasi madogo ya dizeli, pamoja na mafundi wanaotuhudumia, jambo lililonigharimu siku kumi na moja za kazi na fedha ambazo hazikupaswa kunitoka. Jambo hilo ni mazoea ya kuihukumu sensa ya presha ya turbo, na baadaye turbo yenyewe, yaani kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini, kabla ya mtu yeyote kupima chochote.

Gari langu hubeba abiria na mizigo midogo kati ya Morogoro na Iringa. Siku lilipoharibika lilikuwa limejaa na linapanda mlima Kitonga. Nguvu zikaisha ghafla, taa ya injini ikawaka, moshi mweusi ukatoka kwa wingi, na hata dereva alipokanyaga mafuta hadi mwisho, injini haikuvuka mizunguko 3,000 kwa dakika. Likajikokota nyuma ya malori hadi Iringa mjini. Katika gereji ya kwanza lilipimwa kwa kompyuta, ukaonekana msimbo wa hitilafu P0299. Fundi akafungua swichi bila kuwasha injini, akaona sensa inasoma kilopaskali 84, akatamka kwamba imekufa kwa sababu yeye alizoea kuona 101. Nikanunua nyingine kwa shilingi 180,000, nayo ilipofungwa ikasoma 84 vilevile. Hapo hukumu ikahamia kwenye turbo, nikatakiwa kutafuta zaidi ya milioni mbili.

Ukweli ni kwamba sensa zote mbili zilikuwa nzima. Sensa hii hupima presha ya hewa iliyomo katika njia ya kuingilia kwenye injini, na injini ikiwa imezimwa hakuna hewa nyingine humo isipokuwa ile ya mahali gari liliposimama. Dar es Salaam au Tanga, karibu na bahari, hewa hiyo ina presha ya kilopaskali 101 hivi. Iringa mjini, palipo zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ni kama 84, na Mbeya hupungua zaidi kidogo. Sensa ambayo ingesoma 101 pale Iringa ndiyo iliyostahili kutiliwa shaka. Magari mengi, tena, yana sensa nyingine ya hewa ya nje, na kompyuta huonyesha namba zote mbili kwenye kioo kimoja: swichi ikiwa wazi na injini haijawashwa, namba hizo zinapaswa kukaribiana sana. Kipimo hicho hakichukui hata dakika mbili na hakihitaji kufungua nati yoyote, na ndiyo maana naumia ninapokumbuka kwamba hakikufanyika.

Fundi wa pili, mzee mmoja ambaye namshukuru sana, aliukataa ushauri wa kushusha turbo. Alishika mpira mmoja baada ya mwingine, kuanzia turbo hadi intakula, yaani kipoza hewa, na kutoka intakula hadi kwenye injini, akahisi mafuta upande wa chini wa mpira wa mwisho. Akaziba njia, akaingiza upepo wa kompresa kwa presha ndogo, akapaka maji ya sabuni, na povu likatoka palepale kwenye ufa uliokuwa umejificha chini ya klampu. Ufa huo hufumba gari likiwa limesimama na kufunguka turbo inaposukuma kwa nguvu mlimani. Hewa ikivuja hapo, dizeli inayomwagwa haipati hewa ya kutosha kuungua yote, na ndiyo asili ya ule moshi mweusi.

Msimbo P0299, kwa hiyo, hausemi kwamba turbo imekufa wala kwamba sensa imekufa. Unasema kompyuta iliomba presha fulani ikapata pungufu, na upungufu huo unaweza kutoka kwenye mpira uliopasuka, klampu iliyolegea, valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) iliyokwama wazi kwa masizi, vidhibiti vya turbo vilivyogoma, au turbo yenyewe. P0234 ni kinyume chake, yaani presha imezidi. Misimbo inayoelekeza kwenye umeme wa sensa ni P0237, ishara ya umeme iliyo chini kupita kiasi, na P0238, ishara iliyo juu kupita kiasi. Hata hiyo haitoshi kununulia sensa mpya, kwani waya uliokatika au soketi iliyoingia maji huleta msimbo uleule. Fundi achomoe soketi, apime kwa multimita, yaani kipima umeme, kama volti 5 zinafika na kama waya wa hasi ni mzima. Vikiwa sawa, airudishe soketi na aangalie kama ishara inabadilika presha inapobadilika. Na sensa iliyozibwa na masizi yenye mafuta mara nyingi husafishwa ikarudi kazini.

Siwalaumu mafundi kwa kutojua tu. Wengi walijifunza kazi kwenye injini za zamani zisizo na kompyuta, na mashine za kupimia wamezinunua bila mtu wa kuwafundisha kuzisoma. Naiomba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, iandae mafunzo mafupi ya jioni au ya mwisho wa juma kwa mafundi walio kazini tayari, yakihusu kusoma namba zinazotembea wakati gari liko barabarani na si msimbo peke yake. Nawaomba pia wenye gereji waandike kwenye risiti mambo matatu kabla ya kumwambia mteja anunue spea yoyote ya turbo: presha iliyosomwa injini ikiwa imezimwa, presha iliyosomwa gari likipanda mlima na mzigo, na matokeo ya kupima mipira kwa upepo. Mteja anayekwenda gereji nyingine na karatasi hiyo hataanza upya, na fundi atakayeipokea atajua pa kuanzia.

Mpira mpya niliununua kwa shilingi 45,000, na turbo ya zamani ndiyo inayopanda Kitonga mpaka leo.

Mmiliki wa basi dogo,
Iringa