Baada ya kupasuliwa unene, nani anamfuatilia mgonjwa?

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu upasuaji wa kupunguza unene, pamoja na zile picha za "kabla" na "baada". Picha kama hizo kwa kawaida hupigwa mwaka wa kwanza au wa pili, kilo zikiwa zimeshuka kuliko wakati wowote. Mwaka wa 10 haupigwi picha.

Sibezi upasuaji huu. Utafiti wa Sweden ulioanza 1987 na kufuatilia watu zaidi ya 4,000 ulionyesha kuwa waliopasuliwa waliishi takriban miaka 3 zaidi ya wenzao waliopata matibabu ya kawaida. Hata hivyo, katika baadhi ya aina za upasuaji huu utumbo huunganishwa upya, na aliyefanyiwa hivyo hufyonza kwa shida madini ya chuma, kalsiamu na vitamini B12. Upungufu wa B12 huingia kimyakimya: ganzi vidoleni, miguu kuyumba, kusahausahau. Mgonjwa hudhani ni uchovu au umri. Hakumbuki kisu cha miaka 6 iliyopita. Pombe nayo humpanda kichwani upesi kuliko zamani, jambo ambalo sikuliona popote katika taarifa yenu.

Napendekeza hospitali zisimruhusu mgonjwa kurudi nyumbani bila ratiba ya maandishi ya vipimo vya damu vya kila mwaka, maisha yake yote, na gharama ya vipimo hivyo na vidonge vya vitamini atajiwe kabla hajatia saini. Nanyi mkiirudia mada hii, mtafuteni aliyepasuliwa miaka 10 iliyopita.

Msomaji wenu