YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAPAZIA, MITO NA KAULI NILIYOTOLEWA KAUNTA

Meneja,
Duka la Mapazia na Vitambaa,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Salamu. Naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo mimi sikuipata dukani kwenu Jumatatu iliyopita.

Msimamizi wenu wa kaunta alilichukua pazia nililolirudisha, akalikung'uta mbele ya wateja, akaliachia likaanguka sakafuni. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Mama, kwa hela hii ulitaka mapazia ya hoteli? Chumba chenyewe cha uani, nani atakiona?" Wauzaji wawili wakacheka. Nikainama kuliokota.

Hela hiyo ni shilingi 160,000. Mapazia 96,000, mito minne ya sufi 36,000, zulia dogo la kando ya kitanda 28,000. Bei mlipanga ninyi. Nililipa 100,000 ya kuanzia na 60,000 siku ya kuchukua mzigo, na siku zote mbili sikupewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nilipewa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu.

Chumba ni cha mama yangu. Kilikuwa stoo. Nimekipaka rangi mwenyewe, likabaki dirisha, nalo linatazama magharibi. Jua la saa kumi la Dar mnalijua. Mama ametoka Korogwe kuja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na jicho likishapasuliwa mwanga mkali hulitesa. Ndiyo maana nilimsisitizia fundi wenu mara tatu: kitambaa kizito, na kiwe na bitana. Dirisha lina sentimita 180. Ni yeye fundi aliyenieleza kwamba pazia hukatwa mara mbili ya upana wa dirisha ili likae na mikunjo, akaandika 360 kwenye daftari lenu mbele yangu.

Nilichopewa ni vipande viwili vya sentimita 110. Jumla 220. Ukiyavuta mapazia kufunika dirisha yanakaa bapa kama shuka, mikunjo ni ya kuhesabu. Bitana hakuna. Nililishika pindo kwa mkono uliolowa, vidole vikawa vya buluu. Nikaloweka ncha kwenye ndoo, maji yote yakageuka rangi. Kitambaa kinachochuja hivyo ukikifua mara mbili kinabaki nini?

Na mito. Mama yangu amelalia sufi maisha yake yote, msufi wenyewe uko nyuma ya nyumba yake. Aliupokea mto mkononi, akasema, "Hii si sufi, nzito." Tukafungua zipu. Ndani mlikuwa na vipande vya sponji na mabaki ya vitambaa vya cherehani. Kwa zulia sina neno, ni zuri.

Na mlichelewa siku tisa, nilitaka kulisema hili mwanzo. Mama aliposhuka kituo cha Magufuli pale Mbezi, mzigo ulikuwa haujawa tayari, hivyo usiku wake wa kwanza alilala dirisha likiwa na kanga niliyoipigilia misumari. Simu zangu hamkupokea.

Ndiyo sababu ile Jumatatu nilikuja mwenyewe. Narudi hapo kwa sababu ndipo panaponinyima usingizi. Sikuwa peke yangu. Tulikuwa tumetoka Muhimbili kupima, na mama alikaa kwenye benchi lenu karibu na mlango. Msimamizi wenu, kijana wa kumzaa, alimpita mara mbili bila shikamoo. Alipolitupa pazia chini mama hakuliona, macho yake hayafiki huko. Lakini masikio yake ni mazima. Alisikia "chumba cha uani, nani atakiona?" Alisikia na vicheko. Alisikia mimi nikinyamaza. Kwenye daladala alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, kwani lazima pazia? Kanga inatosha."

Yeye ndiye angekiona, Ndugu Meneja. Kile chumba nilimtengenezea yeye, ili bandeji ikishatolewa akione.

Msisimame nyuma ya bango lenu la "mali ikishauzwa hairudishwi". Nilichagua kwa sampuli mliyonishikisha mkononi, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa sampuli ifanane na sampuli. Sampuli ile ilikuwa nzito na haikuchuja. Na mto unaoitwa wa sufi ujazwe sufi.

Nilipoanza barua hii nilitaka mnishonee upya tu. Sitaki tena mkono wenu kwenye dirisha langu. Nataka shilingi 132,000 za mapazia na mito. Bali hapana, chukueni na zulia, mnirudishie 160,000 zote pamoja na nauli za safari nne nilizokuja kufuatilia. Na msimamizi wenu aje Tabata, amwamkie mama yangu na kumwomba radhi kwa sauti ileile ya kusikika aliyotumia kumdhalilisha. Barua ya radhi sitaipokea. Mama hawezi kuisoma.

Upasuaji ni Jumatatu ijayo. Nawapa mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Ikipita, Jumatatu hiyohiyo asubuhi malalamiko yatakuwa Tume ya Ushindani, na nakala itakwenda Mamlaka ya Mapato, TRA, pamoja na kile kikaratasi cha kalamu. Msihangaike kuchana daftari. Ukurasa wenye 360 na saini ya fundi wenu niliupiga picha siku ileile.

Mteja wenu,
Tabata, Dar es Salaam.