Ubunifu wa viwanda huishia pale sheria inapoishia

Mhariri,

Kila kanuni mpya ya mazingira inapotangazwa, wenye viwanda hulalamika kuwa gharama zitapanda na watu watapoteza kazi. Malalamiko hayo tuliyasikia mwaka 2017 serikali ya Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa na kutoa muda wa miezi sita, hadi tarehe 28 Agosti. Faini ya hadi shilingi milioni 4 ikiwakabili wakaidi, mifuko ya kutumika tena na tena ilienea madukani upesi.

Hata hivyo, chupa za plastiki hazikuguswa na marufuku hiyo, na viwanda navyo havikuona haja ya kuzishughulikia kwa bidii ile ile. Maji ya bahari yakipwa huku mtaani Tudor, Mombasa, utaziona zimenasa kwenye mizizi ya mikoko, nyingine zikiwa bado na nembo inayosomeka vizuri, kwa hiyo mwenye bidhaa anajulikana. Kanuni za mwaka 2024 zinamtaka mzalishaji abebe jukumu la bidhaa yake hata inapogeuka taka. Gharama ya kukusanya ikimwangukia yeye, atakuwa na sababu ya kuacha chupa za rangi ambazo soko lake ni dogo kwa warejelezaji, yaani wanaogeuza taka kuwa bidhaa mpya, na vile vipakiti vya tabaka la plastiki na alumini ambavyo ni vigumu mno kurejelezwa.

Lakini sheria bila wananchi wa kuisukuma hulala. Sheria ya mazingira ilikuwapo tangu 1999, na bado wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru hapa Mombasa, wakiwa na mwanaharakati wa mazingira Phyllis Omido, walilazimika kuandamana na kwenda mahakamani kwa sababu ya sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Ilipofika Desemba 2024 ndipo Mahakama ya Juu iliporejesha hukumu ya kuwalipa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baadhi yao walikuwa wameshazikwa.

Ninaiomba NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, pamoja na serikali ya kaunti, ichapishe kila mwaka jina la kila kampuni, kiasi cha plastiki ilichoingiza sokoni na kiasi ilichokusanya Mombasa, ili sisi wanunuzi tujue ni nani wa kudai majibu kwake.

Mkazi wa Tudor,
Mombasa