Tanga na sisi tumlilie Walibora

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu yenu ya barua. Kila ikifika Aprili naona Wakenya wanamkumbuka mwandishi wao marehemu Ken Walibora, magazetini, mpaka kwenye magrupu ya wasap, sisi huku Tanga kimyaa kama hayatuhusu. Jamani yanatuhusu! Kongowea Mswahili wa kwenye riwaya yake ya Siku Njema si mtoto wa hapahapa kwetu? Mamake Zainabu Makame mwimbaji wa taarab Tanga hii hii, akafariki, mtoto akabaki kwa watu na mateso yake mpaka akafunga safari kwenda Kenya kumtafuta baba. Kitabu kimetoka 1996, wenzetu wamekisoma mashuleni miaka na miaka, nadhani wapo wengi tu ambao Tanga wameijulia humo.

Mi kilichonimaliza ni huyo mama kuwa mwimbaji. Mtu wa magharibi mwa Kenya huko, bahari yenyewe iko mbali naye, anataka kuiandika Tanga na anaanza na taarab, sasa huyo anatujua au hatujui? Wenzangu wa Ngamiani wenye umri wanavikumbuka vikundi vya taarab, Black Star na Lucky Star, gitaa la besi linavyotembea na Shakila kashika maikrofoni, ulikuwa hupiti na baiskeli yako bila kusimama. Basi mi nikisoma habari za Zainabu nasikia zile sauti, sijui kwa wengine.

Alafu kifo chenyewe kilivyokuja. Tarehe 10 Aprili 2020, Ijumaa Kuu, kagongwa na matatu Nairobi, ndugu na marafiki wanamtafuta siku kadhaa hawampati, kumbe yuko mochwari ya Hospitali ya Kenyatta. Na ndo korona imepamba moto, mazishi watu wa kuhesabu. Mtu aliyesomwa na watoto wa nchi nzima anazikwa hivo, iliniuma mno.

Wengi wanamtaja kwa riwaya yake Kidagaa Kimemwozea, wengine kwa kusoma habari kwenye tivii, wengine kwa usomi wake maana alifundisha mpaka Wisconsin kule Marekani. Sawa, yote ni yake. Mi namlilia kwa ajili ya watoto. Tafuteni kitabu chake cha watoto Ndoto ya Amerika mkae nacho na mtoto muone. Misemo na methali zimejaa tele lakini mtoto hahisi kama anafundishwa, anakimbilia kisa tu. Mjukuu wangu alikuwa ananikatiza kila saa, babu hii maana yake nini, nikimwambia kesho yake anaitumia kumjibu mamake, lawama zinanirudia mimi.

Sasa kazi ni kuvipata vitabu vyake. Machungwa ya Muheza yanavuka mpaka wa Horohoro kwa malori kwenda Kenya, kitabu cha mtoto kije huku mpaka umwagize mtu wa basi la Mombasa na uombe Mungu asisahau. Nimeuliza madukani hapa mjini nikaambiwa havina soko. Havina soko vipi na watu hawajaviona? Mnaweka rafu nzima ya vitabu vya maswali na majibu ya mitihani alafu mnasema watoto hawapendi kusoma.

Najua wapo watakaosema Tanga tuna Shaaban Robert, kalala pale Machui tangu 1962, anatosha. Hatushindanishi marehemu hapa. Na huyo Shaaban mwenyewe tunamtendea nini zaidi ya kumtaja kwenye hotuba? Watoto wengi wanamjua kwa majina ya shule na barabara basi, waulize Adili na Nduguze inahusu nini uone watakavyokutazama.

Ombi langu kwa walimu wa Kiswahili wa Tanga, Aprili ijayo someni darasani hata sura moja ya Siku Njema, ile ya mwanzo inatosha, waacheni watoto wabishane kama Tanga ile ndo hii. Na wachapishaji wa Dar waongee na wenzao wa Nairobi, hivi vitabu vichapwe huku kwa bei ambayo mzazi wa Mikanjuni anaiweza. Nakala yangu ipo, imelegea gamba lakini kurasa zote zimo, mwalimu akiitaka namwazima, ila airudishe.

Babu Msomaji,
Ngamiani, Tanga