Shukrani za familia kwa waliotufariji katika msiba wa baba yetu

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Sisi watoto, wajukuu na ndugu wa marehemu baba yetu, mwalimu mstaafu na mtunzi wa mashairi tuliyemzika hapa Tanga, tunatoa shukrani za dhati kwa wote waliokuwa nasi tangu alipoanza kuugua hadi tulipoanua tanga. Jina lake hatuliandiki, kwa kuwa aliusia lisitangazwe, akisema kuwa anayemjua atamtambua kwa habari zake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, imamu na maamuma waliomsalia, vijana waliochimba kaburi huku mvua ikinyesha, na kina mama wa mtaani ambao kwa siku tatu walitupikia bila kuchoka. Hatuwezi kumtaja kila mmoja. Mwenyezi Mungu awalipe kheri.

Ziko hata hivyo shukrani ambazo hatuna budi kuzieleza kwa kirefu, nazo ni kwa wazee malenga, rafiki za baba, pamoja na watoto wa malenga waliokwisha kutangulia mbele ya haki, ambao wengine walisafiri usiku kucha kutoka Dodoma na Dar es Salaam ili wawahi maziko. Baba hakuacha diwani, yaani kitabu cha mashairi yake, hata moja. Alikuwa kijana wa miaka 22 mwaka 1968, Mwalimu Nyerere alipowaomba washairi wautumie ushairi kuwaeleza wananchi Azimio la Arusha, na ndipo alipoanza kufuatana na watu wa UKUTA, yaani Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Mathias Mnyampala, aliyeipa ngonjera, yaani shairi la majibizano, umbo tunalolijua, alifariki mwaka uliofuata. Baba alibaki miongoni mwa vijana waliozighani ngonjera hizo mashuleni na kwenye mikutano ya vijiji. Wenzake kadhaa walipata majina. Yeye hakupata, na sisi wanawe tulikua tukidhani kwamba alikuwa msindikizaji tu.

Wazee hao ndio waliotufumbua macho usiku wa pili wa msiba, barazani. Walitukumbusha kwamba katika ngonjera lazima awepo mmoja wa kushika upande wa asiyejua, anayebisha na kupotoka hadi wenzake wamwelimishe na wote wakubaliane mwishoni. Upande huo vijana wengi waliukwepa kwa kuogopa kuchekwa, na baba aliuchukua kila mara kwa hiari yake, akautetea kwa hoja nzito kiasi kwamba wenzake walilazimika kurudi nyumbani kutunga upya beti zao. Walitueleza pia kwamba katika kurasa za mashairi za magazeti, mtu alipouliza swali kwa tarbia, yaani shairi la mishororo minne katika kila ubeti, baba alimjibu kwa bahari, yaani mtindo, uleule na vina vilevile, mizani (silabi) 16 katika kila mshororo bila kupungua hata moja, na kwamba baadhi yao waliendelea kutunga kwa kuwa walijua liko jibu litakalotoka Tanga. Shairi la kuuliza lisipojibiwa huwa limekufa, alisema mzee mmoja, na hapo mdogo wetu wa mwisho akashindwa kujizuia kulia.

Tunakiri mbele yenu kosa letu. Miaka mingi iliyopita, tulipohama nyumba, tuliyaacha madaftari ya baba katika sanduku lililokuwa uani, na muuza karanga akayachukua kwa ajili ya kufungia bidhaa zake. Baba hakutulaumu, aliuliza mara moja tu, kisha akanyamaza. Tangu hapo tuliamini kwamba kazi yake yote imepotea. Siku ya tatu, baada ya hitima, binti wa rafiki yake mmoja alifungua mkoba wake akatoa daftari lililofungwa kwa uzi, lenye mashairi 43 kwa mwandiko wa baba, yale aliyokuwa akimpelekea rafiki huyo kabla ya kuyatuma gazetini ili amsahihishie. Pembeni mna masahihisho ya rafiki huyo kwa wino mwekundu, na chini yake baba ameandika kila mara kama amekubali au amekataa, na kwa nini. Dada yetu huyo, ambaye hatukuwahi kuonana naye kabla ya siku ile, ametukabidhi daftari lenyewe wala si nakala. Hatuna cha kumlipa.

Dua ya arobaini itasomwa nyumbani kwa marehemu baada ya swala ya alasiri, na wote mnakaribishwa. Yeyote mwenye barua, shairi au kipande cha gazeti chenye kazi ya baba, tunamwomba kwa heshima aje nacho siku hiyo. Wajukuu watanakili papo hapo na mwenyewe ataondoka na mali yake.